Nidhamu ya shule za jina ikaguliwe usiku

Ndugu Mhariri,

Msimu wa usaili umefika, na kama kila mwaka ukurasa wa barua umejaa sifa za shule binafsi za bweni za huku Nyanda za Juu Kusini. Wazazi wanatoka Dar es Salaam, Morogoro hata Mtwara kuja Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe kutafuta nafasi za kidato cha kwanza, na ukiwauliza sababu wanakujibu kwa neno moja: nidhamu. Wakifika wanaonyeshwa lango lililopakwa chokaa, ngao ya shule ukutani, vikombe kwenye kabati la kioo, na watoto waliovaa tai wanaosimama wima mgeni anapopita. Wanalipa, wanaondoka wameridhika. Kwa kweli hawajakagua kitu.

Ukitaka kuijua shule ya bweni, piga hesabu ya siku yake. Vipindi tisa vya dakika 40 ni saa sita tu. Saa kumi na nane zinazobaki mtoto yuko mikononi mwa matroni, patroni, mlinzi, mpishi na viranja. Mwalimu wa hesabu mwenye sifa zote hayumo humo. Nidhamu inayouzwa kwa ada ya mamilioni hutengenezwa au huharibiwa kwenye hizo saa kumi na nane, na zaidi baada ya taa kuzimwa.

Anza na mlango wa bweni. Shule kadhaa zenye sifa ya ukali hufunga mabweni kwa kufuli la nje ikifika saa nne usiku ili mtu asiruke ukuta. Funguo anazo matroni, na matroni analala nyumba ya pili, au amekwenda kwake akazikabidhi kwa mlinzi wa getini. Mmiliki atakwambia huo ni utaratibu wa siku nyingi na haujawahi kuleta shida. Iringa tunapaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Agosti 2009 wasichana 12 waliteketea bwenini katika sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Godoro la sponji likishika moto, moshi wake mzito hujaza chumba kwa dakika chache, na watoto hulegea kabla moto wenyewe haujawafikia. Hapo hakuna muda wa kumtafuta mwenye funguo.

Bweni lenye usalama lina milango miwili, kila mmoja upande wake, inayofunguka kwa nje na kufungwa kwa komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Madirisha yenye nondo ni sawa kwa ajili ya wezi, lakini kila upande pawe na angalau dirisha moja ambalo wavu wake wa nondo una bawaba na unasukumika. Njia ya katikati ya vitanda isiwekwe matranka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mabweni yanaongezewa dabo deka kila Januari, matranka yanakosa pa kukaa chini ya vitanda, yanahamia njiani, na gizani watoto wanajikwaa wao kwa wao. Mzazi anaweza kuliona hilo kwa dakika moja akiruhusiwa kuingia. Asiporuhusiwa, ajiulize kwa nini.

Wanaohofia utoro dawa yao si kufuli, ni kuhesabu. Na kuhesabu kwenyewe kuna namna yake. Mlezi ahesabu vichwa, asihesabu vitanda vilivyojaa, maana kila aliyewahi kulala bweni anajua mto mmoja na sweta mbili chini ya blanketi zinavyofanana na mtu. Ahesabu taa zinapozimwa na ahesabu tena kabla ya kengele ya alfajiri, kisha aandike mchanganuo. Kwa bweni la watoto 64, daftari la usiku lisomeke hivi: waliosajiliwa 64, wagonjwa chumba cha matibabu 2, wenye ruhusa nyumbani 1, waliopo 61. Jumla lazima ifunge. Ukikuta kurasa zimeandikwa "wote wapo" kuanzia Januari mpaka Juni, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, ujue zimejazwa siku moja, siku ambayo wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walitoa taarifa kwamba wanakuja. Mlezi mmoja kwa watoto 60 tayari ni mzigo. Mmoja kwa 150, kama ilivyo mahali pengi, maana yake ni kwamba walezi halisi ni viranja.

Baridi nayo ina sehemu yake katika nidhamu, ingawa wageni hawalioni hilo. Kuanzia Juni hadi Agosti, Mbeya, Njombe na Makete si mahali pa blanketi moja. Fomu ya kujiunga inataja rimu mbili za karatasi, jembe na mpini wake, fagio la chelewa na ndoo, halafu blanketi "moja". Mtoto anayetetemeka anatafuta njia. Anachomeka hita ya maji kwenye soketi ya pasi, au anaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, aliyelala haamki. Shule inamwadhibu mtoto kwa kosa la jiko, na ni sawa alaumiwe, ila blanketi la pili na maji ya moto ya kuogea yangeliua kosa hilo lisizaliwe. Hali ni hiyo hiyo kwa usingizi. Taa zinazimwa saa tano usiku kwa sababu prepo, masomo ya binafsi ya usiku, imerefushwa, kengele inagongwa saa kumi na nusu alfajiri: hizo ni saa tano na nusu, kwa watoto wa umri unaohitaji saa nane hadi kumi. Saa nne asubuhi nusu ya darasa inasinzia, mwalimu wa zamu anawatoa nje kupiga magoti, na kwenye ripoti wanaandikwa wavivu.

Sasa viranja. Utaratibu wa wakubwa kuwatawala wadogo hatukuuzua sisi. Thomas Arnold, aliyeshika shule ya Rugby, Uingereza, mwaka 1828, ndiye aliyeupa heshima kubwa: wavulana wa darasa la juu walipewa mamlaka ya kusimamia mabweni, na shule nyingine za kule zikafuata. Ukaja huku na wakoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Iringa ilijengewa shule ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's, kwa mfano huohuo. Majengo yake leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Shule zetu binafsi za leo, hasa zilizochipuka baada ya sheria ya elimu kurekebishwa mwaka 1995, zimechukua sura ileile: mabweni yenye majina na rangi zake, kiranja mkuu na msaidizi wake, kiranja wa bwalo, wa taaluma, wa usafi, wa afya, wa mazingira. Sina ugomvi na kiranja. Kijana wa miaka 17 akipewa kazi inayoeleweka hukomaa haraka. Ugomvi wangu ni pale anapopewa fimbo, au anapojipa mwenyewe na walimu wakaangalia pembeni.

Inavyokwenda ni hivi. Kiranja hana mshahara, basi shule inamlipa kwa upendeleo: anapakuliwa kwanza, nyama ya Jumamosi anapata vipande viwili, hadeki, hafyeki. Upendeleo huo unamfanya amiliki watoto. Njuka, yaani wanafunzi wapya, wanamchotea maji, wanamfulia, wanamtandikia. Wiki mbili za kwanza za Januari, usiku, njuka wanapandishwa juu ya meza waimbe, waigize kupiga simu nyumbani, waruke kichura. Wakubwa wanaita hiyo karibu ya shule na wanasema nao walifanyiwa. Mwalimu akisikia anacheka, kwa kuwa naye alifanyiwa. Ikifika Machi kuna mtoto ameanza kukojoa kitandani, mwingine anaumwa tumbo kila Jumapili jioni, wa tatu anaibiwa pesa ya matumizi na hasemi. Shule inayojua kazi yake huwalaza kidato cha kwanza bweni lao peke yao kwa muhula mzima wa kwanza, mlezi mtu mzima analala humohumo, na hakuna kiranja anayeingia baada ya prepo.

Lipo pia lile daftari la majina. Kila darasa lina la wapiga kelele. Kiranja anaandika majina kumi, anaongeza la aliyemnyima biskuti, anafuta la rafiki yake. Asubuhi mwalimu wa nidhamu anaita majina mstarini na kuchapa bila kuuliza neno. Kama lazima daftari liwepo, kila jina liandikwe na saa, kosa na jina la shahidi, lifikishwe kwa mwalimu wa zamu jioni hiyohiyo, na aliyeandikwa asikilizwe kabla ya adhabu. Utaona orodha ya kumi inashuka kuwa ya wawili, na hao wawili ni wakorofi kweli.

Kuhusu viboko wazazi wengi hudhani sheria haipo, walimu wengi hudhani inawaruhusu. Ipo, na ni finyu kuliko wanavyofikiri wote. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Anayeitoa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Visizidi vinne kwa mara moja. Fimbo iwe nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo, na si penginepo. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Umri na afya ya mtoto viangaliwe. Kisha kuna kitabu maalumu ambamo huandikwa jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, na mkuu wa shule anatia saini kila mara. Kwa hiyo kofi, mkanda, waya, mpira wa maji na teke havimo kabisa. Kiranja hamo. Mwalimu wa mazoezi aliyekuja kwa wiki nane hamo, na jiji la Mbeya linakumbuka video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi iliyosambaa nchi nzima mwaka 2016.

Mzazi aombe kuona kitabu hicho, hata kwa kufunika majina. Majibu ni ya aina mbili. Kuna mkuu wa shule atakayefungua kabati na kukitoa. Na kuna atakayesema "hapa kwetu hatuchapi", wakati fimbo tatu zimeegeshwa nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu. Kwa maoni yangu fimbo ingeondoka kabisa. Kenya iliiondoa mwaka 2001, na shule za binafsi za England, hizo tunazoiga ngao na tai zake, sheria ilizikataza fimbo mwaka 1999 na hazijafa. Lakini hata asiyekubaliana nami kwa hilo hana hoja ya kukataa kitabu.

Kibao cha lugha nitakipitia haraka, maana kila msomaji wa gazeti hili ana lake la kusema. Asubuhi kinavishwa wa kwanza atakayesikika akisema Kiswahili, naye anakivua kwa kumnasa mwenzake. Jioni wote waliokivaa wanapiga deki vyoo. Kiingereza hakiongezeki hata kidogo. Kinachoongezeka ni ukimya wa wanaojifunza na ujanja wa wanaonyemelea. Mtoto wa Tukuyu au Kilolo aliyekuja na Kiingereza cha kubahatisha ananyamaza mpaka kidato cha pili. Dakika ishirini za mjadala kila siku, mwalimu akisahihisha bila kumcheka mtu, zingefanya kazi hiyo bila kibao.

Shamba nalo limeharibiwa kwa mtindo huohuo. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 jembe lilikusudiwa kuwa sehemu ya masomo. Ukilifanya adhabu ya wachelewaji, mtoto anamaliza kidato cha nne katika mkoa unaolisha nchi mahindi na viazi akiamini kulima ni kifungo. Afadhali zamu za kawaida, kila bweni na matuta yake, mavuno yaende jikoni na yatangazwe bwaloni yametoka kwa nani.

Wanaotetea haya yote husema ndiyo mila za shule. Mila za shule kusini huku zina historia pana kuliko viboko na kuonea njuka. Malangali, Mufindi, ilipoanza mwaka 1928 chini ya Mwingereza W. B. Mumford, ilijaribu kuingiza shuleni mila za Wahehe, Wabena na Wasangu: wazee walihusishwa katika malezi, ngoma za nyumbani zikapata nafasi. Jaribio lile lilikuwa na dosari zake za kikoloni na halikudumu, lakini lilijua jambo moja ambalo wamiliki wa leo wamelisahau, kwamba mila ina wazee wanaoisimamia. Mila isiyosimamiwa na mtu mzima, inayofanyika usiku mlango ukiwa umefungwa, hatuna sababu ya kuiita mila.

Nimeacha mwisho adhabu kubwa kuliko zote, kwa sababu haiandikwi kwenye kitabu chochote na inaitwa kwa heshima "wastani wa shule". Baraza la Mitihani huhesabu alama 30 hadi 44 kuwa D, 45 hadi 64 kuwa C, 65 hadi 74 kuwa B, na 75 kwenda juu kuwa A. Shule yenye jina huweka wastani wake, 50, mahali pengine 60, na asiyeufikia mwisho wa mwaka anaambiwa arudie darasa au "ahamie shule itakayomfaa". Huyo hajaiba, hajatoroka, hajamtukana mtu. Ana C. Sheria inampa mkuu wa shule njia za kushughulikia utovu wa nidhamu, na uamuzi wa kumfukuza mtoto huletwa mbele ya bodi ya shule. Ndiyo maana mtoto huyu hafukuzwi. Mzazi anaitwa ofisini, anashauriwa kwa upole aombe uhamisho mwenyewe, na barua inasomeka kana kwamba alipenda. Wengine wanabaki darasani lakini wakati wa usajili wanapelekwa kufanyia mtihani kwenye kituo kingine, ili namba ya kituo cha shule kubwa ibaki safi.

Kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, na lilifanya vema. Mabango ya barabarani hayajaacha. "Divisheni wani asilimia mia", bila kusema mia ya wangapi.

Mzazi anaweza kuikagua mia hiyo kwa simu yake, bila kumwomba mtu ruhusa. Matokeo yote yamo kwenye tovuti ya Baraza kwa kila kituo. Afungue upimaji wa kidato cha pili wa mwaka fulani, ahesabu watahiniwa wa shule hiyo. Kisha afungue kidato cha nne cha miaka miwili baadaye, kituo kilekile, ahesabu tena. Tuseme kidato cha pili walikuwa 118 na kidato cha nne wamefanya 86. Watoto 32 wametoweka katikati. Wawili watatu wanaweza kuwa wamehama na wazazi wao, mmoja aliumwa, ada imewashinda wachache. Thelathini na wawili ni sera. Aangalie pia kama idadi iliongezeka: shule nyingine hupokea wahamiaji hodari wa kidato cha tatu kuziba mapengo, kwa hiyo idadi inayolingana peke yake haitoshi, alinganishe na majina pale yanapoonekana. Afanye hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa mwaka mmoja unaweza kudanganya. Akimaliza aandike takwimu hizo kwenye karatasi, aende nazo siku ya usaili, na kabla ya kutoa pesa ya fomu amwulize mkuu wa shule kwa adabu hao 32 wako wapi. Asiyeficha atamjibu papo hapo, kwa kutaja shule walikohamia na sababu ya kila mmoja.

Mwalimu wa malezi mstaafu,
Uyole, Mbeya